BWANA WATERHOUSE ALIKUWA MBUNGE WA NANI?



Kuna neno moja linalosemwa sana hapa kartieri, sokoni na mbele ya milango jioni, na sisi tumechoka kulisikia bila kulijibu. Neno lenyewe ni hili: "Taabu yetu ni kwamba tulitawaliwa na Mbelgiji. Kama tungalitawaliwa na Mwingereza, leo tungalikuwa watu." Wanaolisema ni hasa ndugu zetu wafanya biashara wanaopita Mahagi na Goli, au wanaovuka ziwa kutoka Kasenyi, kwenda Uganda. Wanaona barabara, wanaona shule, wanarudi wakisifu. Nao waliosoma kidogo wanaongeza kwamba Uingereza ni nchi ya Bunge, kwamba kule mtu aliyechaguliwa na watu husimama akasema, na serikali husikiliza.

Leo tunajibu. Hatutajibu kwa matusi, maana matusi hayajengi nchi. Tutamchukua mtu mmoja tu, mbunge wa Uingereza, tutaeleza maisha yake tangu mwanzo hata mwisho, kisha kila msomaji atajiuliza mwenyewe: mtu huyu alikuwa mbunge wa nani?

Jina lake ni Charles Waterhouse. Wengi hapa hawakupata kulisikia jina hilo. Lakini yeye aliijua Kongo vizuri, maana kwa miaka mingi alikaa kwenye kiti ambacho chini yake ilikuwapo shaba ya Katanga.

Alizaliwa mwaka 1893 katika watu wenye nafasi. Alisoma Cambridge. Vita ya kwanza ilipokuja alikuwa ofisa katika askari wapanda farasi wa mfalme, akapata nishani ya ushujaa, na tangu hapo akaitwa Kapteni Waterhouse. Hatumdharau kwa hilo. Askari ni askari. Mwaka 1924 watu wa Leicester Kusini walimchagua kuingia Bungeni kwa tiketi ya chama cha Conservative, na akakaa humo hata mwaka 1945. Kabla ya vita ya pili alikuwa miongoni mwa wale wanaosimamia kura za wabunge wa chama, yaani watu wanaojua nani atapiga kura wapi, na kwa sababu gani. Mwaka 1939 akawa naibu wa waziri wa posta. Mwaka 1941, katika serikali ya Churchill, akawekwa katika wizara ya biashara, akakaa huko mpaka vita ilipokwisha.

Hapa tusimame kidogo, sisi watu wa Saio, kwa sababu mwaka 1941 unatuhusu. Jina la kartieri yetu ni jina la mji wa Abisinia. Katika mwaka huo askari wa Force Publique, watoto wa nchi hii, walitembea kutoka Kongo mpaka Abisinia, wakapigana Asosa, wakapigana Gambela, na mwezi wa Julai Jenerali Gazzera wa Italia aliweka silaha chini mbele yao pale Saio. Vita ile ilikuwa ya Mwingereza kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote katika upande huu wa Afrika. Njia ya Sudan ilikuwa yake, Kenya ilikuwa yake, na Misri, ambako jeshi lake lilikuwa likitishwa na Mwitaliano, ilikuwa mkononi mwake. Mkongo alimsaidia. Na baadaye, mwaka 1945, madini ya urani kutoka Shinkolobwe, Katanga, yalitumika katika bomu la Hiroshima lililosaidia kumaliza vita ya Japani. Basi Uingereza ilikuwa na deni kwa mtu wa Kongo. Sasa tuangalie deni hilo lililipwa namna gani.

Mwaka 1945 wapiga kura wa Leicester walimtoa Kapteni Waterhouse. Hakukaa nje siku nyingi. Mwaka 1950 alirudi Bungeni kwa Leicester Kusini-Mashariki. Safari hii hakuwa waziri tena, lakini sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya mawaziri wengi, kwa sababu alikuwa kiongozi wa wabunge walioitwa Kundi la Suez.

Watu wa kundi lile walitaka nini? Serikali yao wenyewe, ya Churchill, ilipatana na Misri mwaka 1954 kwamba askari wa Uingereza waondoke kwenye mfereji wa Suez. Mapatano yalipoletwa Bungeni, Waterhouse na wenzake zaidi ya 20 walipiga kura kuyapinga. Fikirini, ndugu: mtu mzima wa chama, aliyekuwa akisimamia utii wa kura za wengine, anapinga chama chake na waziri mkuu wake, na sababu yenyewe ni kwamba hataki kumwachia Mwafrika mfereji uliochimbwa katika ardhi ya Mwafrika. Tarehe 26 Julai 1956 Rais Nasser aliufanya mfereji kuwa mali ya Misri. Uingereza, Ufaransa na Israeli wakaingia Misri kwa silaha mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Marekani na Umoja wa Mataifa wakakataa, na kabla ya mwaka kwisha majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliondoka kwa aibu.

Mtu mwingine angejifunza. Angesema: wakati umebadilika, Waafrika wamesimama, tukae nao kama watu. Lakini Kapteni Waterhouse alijifunza somo lingine. Mwaka 1957 aliacha kiti chake cha Bunge, watu wa Leicester wakafanya uchaguzi wa kumtafuta mwingine, na mwaka huo huo yeye akawa mwenyekiti wa kampuni iliyoitwa Tanganyika Concessions.

Msidanganywe na jina. Kampuni hii haikuwa na kazi kubwa Tanganyika. Ilianzishwa London mwaka 1899 na Robert Williams, na utajiri wake ulitoka Katanga. Mwaka 1906 ilishirikiana na mabepari wa Ubelgiji kuanzisha Union Minière du Haut-Katanga. Hata katika miaka ya mwisho ya ukoloni ilikuwa na zaidi ya asilimia 14 ya hisa za Union Minière. Tena ilishika asilimia 90 ya reli ya Benguela, ile inayotoka mpaka wa Kongo, inapita Angola yote mpaka bandari ya Lobito. Ruhusa ya reli ile ilitolewa na Mreno mwaka 1902 kwa miaka 99. Oneni basi: shaba inachimbwa, wao wana sehemu; shaba inasafirishwa, wao wana reli. Na mwaka 1960, mwaka wa uhuru wetu, Union Minière ilitoa karibu tani 300,000 za shaba.

Kwa hiyo anayesema kwamba tulitawaliwa na Mbelgiji peke yake hajui hesabu. Bendera ilikuwa ya Mbelgiji. Kiboko kilikuwa cha Mbelgiji. Lakini faida ilipogawanywa, Mwingereza naye alikuwa mezani, tena alikuwako tangu siku ya kwanza.

Na kwa nini kampuni ilimchukua huyu mzee, aliyekuwa na umri wa miaka 64? Je, alijua kuyeyusha shaba? Alijua kutengeneza reli? Maisha yake tumeyaeleza: askari, mbunge, msimamizi wa kura, naibu waziri, kiongozi wa Kundi la Suez. Alikuwa amekaa Bungeni miaka 28. Alijua milango yote na watu wote walio nyuma ya milango. Rafiki yake wa Kundi la Suez, Julian Amery, aliingia wizara ya makoloni mwaka 1958. Sisi twaona kwamba kitu cha thamani alichokuwa nacho Waterhouse, na ambacho kampuni ilikihitaji, ni kile alichokipata kwa kura za watu wa Leicester. Watu wale, wafanya kazi wa viwanda vya viatu na soksi, walimpa kura zao wakidhani wanamtuma kwa ajili yao. Mwisho wake kura zao zikafanya kazi ya wenye hisa.

Ndipo ikaja 1960. Tarehe 30 Juni tukapata uhuru. Tarehe 11 Julai, hata wiki mbili hazijapita, Tshombe akatangaza kwamba Katanga si Kongo tena. Union Minière ikalipa kodi zake kwa Tshombe badala ya kuzilipa kwa serikali ya Léopoldville. Serikali ile ilikuwa imechaguliwa na watu, na Lumumba alikuwa waziri mkuu wake kwa haki. Lakini serikali isiyo na fedha hailipi askari, na askari asiyelipwa hawezi kutumwa popote. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa Katanga. Sisi wa Province Orientale twajua maana ya siku ile kuliko wengine. Stanleyville ilikuwa ngome ya Lumumba, na watu waliokufa huku kwetu katika vita zilizofuata hakuna aliyewahesabu.

Uingereza, nchi ya Bunge, ilifanya nini? Mwezi wa Novemba 1961 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kukomesha Katanga ya Tshombe na askari wake wa kukodiwa. Wajumbe tisa wakakubali. Wawili wakakaa kimya: Ufaransa na Uingereza. Mwezi wa Desemba askari wa Umoja wa Mataifa walihitaji mabomu kwa ajili ya ndege zao, na serikali ya Macmillan ikakubali kuwapa mabomu 24. Wabunge wa chama chake, watu wa mawazo yale yale ya Suez, wakapiga kelele Bungeni, na serikali ikayazuia mabomu. Nyuma ya kelele zile walikuwapo watu wa kampuni na wa Rhodesia ya Welensky, na Waterhouse, mwenyekiti wa Tanganyika Concessions, hakuficha upande wake. Mtu asiyekuwa tena mbunge alisikiwa Bungeni kuliko mamilioni ya Wakongo.

Katanga ya Tshombe ilikwisha Januari 1963. Waterhouse alikaa kwenye kiti chake cha kampuni mpaka 1966. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliichukua Union Minière, na jina likaja kuwa Gécamines. Kapteni Waterhouse alifariki mwezi wa Machi 1975, mzee wa miaka 81. Hakufungwa wala hakushitakiwa. Hakuvunja sheria hata moja ya nchi yake. Hilo ndilo tunalotaka mlifikirie sana, kwa maana ubaya uliofanywa kinyume cha sheria una mahakama yake, lakini ubaya unaoruhusiwa na sheria hauna mahakama ila watu wenyewe.

Sasa ndugu mmoja atasimama na kutuambia: "Nyinyi mnachukia Waingereza tu. Walikuwako wengine." Ni kweli, na hatutaki kuficha. Katika Bunge lile lile alikuwako Fenner Brockway. Huyu alizaliwa Calcutta mwaka 1888. Wakati Waterhouse alipopata nishani katika vita ya kwanza, Brockway alifungwa gerezani kwa sababu alikataa kupigana. Mwaka 1950 alienda Kenya, akarudi tena 1952, akakaa na Waafrika, akawasemea. Mwaka 1954 alianzisha chama cha kudai uhuru wa makoloni. Tena alikuwako Barbara Castle. Na hata katika chama cha Waterhouse, mwezi wa Julai 1959, Enoch Powell, mtu ambaye hakuwa rafiki wa weusi, alisimama Bungeni usiku na kuilaumu serikali ya chama chake kwa ajili ya wafungwa 11 waliopigwa mpaka kufa kule Hola, Kenya.

Basi hatusemi kwamba Mwingereza ni mbaya kwa ngozi yake. Tunasema kwamba neno "mbunge" peke yake halikupi jibu. Brockway alikuwa mbunge na Waterhouse alikuwa mbunge. Walikaa nyumba moja na kupokea mshahara mmoja. Tofauti yao utaiona ukiuliza kila mmoja alikuwa anamtumikia nani.

Na wale wanaosifu Bunge la Uingereza, tuwaambie jambo moja la kweli ambalo hawalisemi. Katika siku za Waterhouse hakikuwako kitabu ambamo mbunge analazimika kuandika hisa zake na vyeo vyake vya kampuni ili watu wote wasome. Waingereza wenyewe waliona kwamba hilo ni kosa, na mwaka 1974 Bunge lao lilikata shauri kiwekwe. Hawakungoja wabunge wawe malaika. Waliandika sheria.

Hapa ndipo tunapotoka London na kurudi nyumbani, maana hatukuandika haya yote ili tuwalilie wafu.

Sisi tuliichukua Union Minière mwaka 1967. Mali ikawa ya taifa kwa karatasi. Je, mtoto wa Kolwezi alikula? Huku kwetu dhahabu ya Kilo na Moto inachimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Je, mtoto wa Mongbwalu ana maji? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi katika ripoti zao kwamba dhahabu ya Ituri inavuka kwenda Uganda bila kuandikwa, ndiyo ile Uganda ambayo barabara zake tunazisifu. Wabelgiji waliondoka, Tanganyika Concessions ilikwisha, reli ya Benguela ilirudi kwa Angola mwaka 2001. Mbona njaa haikuondoka pamoja nao?

Jibu letu ni hili, na atakayekasirika akasirike. Waterhouse hakuzikwa Uingereza peke yake. Amezaliwa tena hapa, naye ni mweusi, anasema Kiswahili na Kilingala, na wakati wa uchaguzi anakuja Saio na tisheti na chumvi. Madepite wangapi wana sehemu katika machimbo, wao wenyewe au kwa jina la shemeji? Hatutaji jina, kwa sababu hatuna karatasi mkononi. Lakini kwa nini hatuna karatasi? Kwa sababu Katiba haiwalazimishi kuzitoa. Katiba ya 2006, katika fungu la 99, inamtaka Rais na mawaziri waandike mali ya jamaa zao, wanapoingia kazini na wanapotoka, na kuipeleka kwenye Mahakama ya Katiba. Depite hatajwi katika fungu hilo.

Tena kuna jambo la fedha ambalo kila mtu wa Ituri apaswa kulijua kwa kichwa. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi au komini ya mahali madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15! Nani amesimama mbele ya watu wa Djugu au Mambasa na kuwaambia: fedha zenu za mwaka huu ni kiasi hiki, na zimefanya kazi hii? Mwezi wa Mei 2021 Kinshasa ilileta utawala wa askari katika Ituri, na bunge la jimbo likanyamazishwa. Watu walilia kwamba wamenyang'anywa madepite wao. Sisi tukauliza: kabla ya hapo, madepite hao walikuwa wa nani?

Watakuwako watakaosema kwamba hali ya vita si wakati wa kuuliza maswali ya hesabu, kwamba kwanza amani. Ndugu, silaha zinazoua Djugu na Irumu zinanunuliwa kwa fedha, na mmejionea wenyewe jinsi machimbo yanavyogombaniwa. Mwenye kuficha hesabu ya dhahabu anaficha hesabu ya risasi. Hatutapata amani kwanza na ukweli baadaye.

Kwa hiyo chama kinasema mambo matatu.

La kwanza: kila anayeomba kura katika Ituri, awe wa chama chetu au wa chama kingine, aandike na kubandika mahali pa wazi hisa zake, machimbo yake na kampuni zake, na za mke au mume na watoto wake. Chama chetu kitaanza na watu wake. Akikataa mmoja wetu, tutamtoa.

La pili: sheria iwekwe ili depite anayeacha Bunge asipokee cheo cha kampuni ya madini kabla miaka mitano haijapita. Waterhouse alitoka Bungeni na kuingia kampuni katika mwaka mmoja. Hilo lisiruhusiwe kwetu.

La tatu: hesabu ya asilimia 15 isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali, mbele ya watu, kila mwaka.

Haya si mambo makubwa yanayohitaji fedha za wageni. Yanahitaji karatasi, gundi na watu wasioogopa kuuliza.

Na wewe unayesema "afadhali Mwingereza", tunakuomba kitu kimoja. Akija depite kwako na chumvi, pokea chumvi, maana una njaa na hatukulaumu. Kisha muulize kama tulivyouliza sisi juu ya Kapteni Waterhouse: Bwana, wewe ni mbunge wa nani? Usimruhusu aende mpaka ajibu. Babu zetu walitembea kwa miguu mpaka Abisinia kwa ajili ya uhuru wa watu wengine. Sisi tushindwe kutembea kutoka Saio mpaka katikati ya mji kwa ajili ya uhuru wetu?

Uhuru na hesabu ya kweli!